Punje Moja ya Njegere

Jumatatu, 2 Juni 2025

"Retinoli utapaka, mwalimu, ila si leo." Nimetoka kliniki na maneno hayo ya daktari, nayaandika kabla hayajapoa.

Amekuja Njombe kwa kliniki. Ni kijana, amesomea Moshi, pale hospitali ya KCMC, kwenye kituo cha kufundishia magonjwa ya ngozi kilichofunguliwa mwaka 1992. Aliniamkia, akavuta kiti changu hadi dirishani, akanitazama uso kwa mwanga wa mchana, kisha kwa lenzi. Nilimweleza kilichonipeleka: mashavu yamekauka hadi poda haishiki, mikunjo midogo imejichora kando ya macho, madoa ya jua yamekaa juu ya mifupa ya mashavu, na nikinawa nasikia ukwaruzo chini ya vidole. Nina miaka 47. Sitaki kuwa mweupe wala kurudi usichana. Nataka uso usiouma nikicheka wakati wa baridi.

Aliuliza mengi kuliko nilivyotarajia. Kama nilikuwa na pumu ya ngozi utotoni. Ndiyo, kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, mama alikuwa akinifunga vitambaa usiku nisijikune. Sabuni ninayonawia uso. Maji ni ya moto kiasi gani. Kama bado napata siku zangu, na kama nina mpango wa mtoto, kwa sababu dawa za jamii ya vitamini A, retinoli ikiwamo, hazipakwi na mjamzito wala na anayetafuta ujauzito. Nikamjibu kwamba shule hiyo nimeshafunga. Akacheka kwa adabu.

Halafu akanieleza kwamba ngozi yangu kwa sasa haina hali ya kupokea dawa yoyote yenye nguvu. Kwanza itengenezwe, wiki tatu hivi. Dawa baadaye.

Jumamosi, 7 Juni

Shule imefungwa, nina muda wa kufikiri. Miaka yote nimewachorea wanafunzi tabaka za ngozi ubaoni, na sijawahi kuzihisi kama wiki hii.

Tabaka la juu kabisa ni seli zilizokwisha kufa, zimelala bapa, na katikati yake kuna mafuta ya aina tatu: seramidi, kolesteroli na asidi za mafuta. Mafuta hayo ndiyo yanayozuia maji ya mwili yasitoke na uchafu usiingie. Kwa mtu mwenye ngozi ya asili ya pumu, mafuta hayo ni haba. Ni nyumba ya fito ambayo udongo wake umedondoka: fito zipo, lakini upepo unapita. Ukipaka dawa kali kwenye ukuta wa namna hiyo, inazama kwa haraka na kwa wingi kuliko ilivyokusudiwa, ndiyo maana ngozi yenye mafuta yake ya kutosha inaweza kuvumilia krimu ileile ambayo yangu inaigeuza kidonda.

Kwa hiyo naziba. Sabuni ya kipande nimeitoa usoni. Sabuni nyingi za namna hiyo zina alkali ya pH 9 au 10, na ngozi inataka 5 hivi. Asubuhi nanawa kwa maji matupu, usiku kwa sabuni laini ya maji isiyo na manukato. Maji yawe vuguvugu. Hapa Njombe mwezi wa sita hilo ni zoezi la subira, maana asubuhi kuna sakitu kwenye nyasi na kila mtu anataka maji yanayofuka moshi. Uso ukiwa bado na unyevu napaka losheni yenye gliserini na seramidi, kisha juu yake mafuta mgando kidogo, pembe za pua na mdomo. Gliserini inavuta maji, mafuta mgando yanayafungia ndani. Vitu vyote viwili vinauzwa katika kila duka la mtaa huu, kwa bei ambayo mama ntilie anaimudu, na daktari aliniambia bila kusita kwamba hivyo ni nusu ya tiba.

Jambo jingine ni jiko la mkaa. Jioni tunalizunguka sote, uso kwa moto. Nimesogeza kiti changu nyuma. Mzee ameuliza kama nimemkasirikia.

Jumapili, 15 Juni

Binti yangu amefika kutoka Dar na krimu. Ameinunua kwenye duka la dawa lenye mfamasia, akaja na risiti, kwa kuwa nilimsihi sana asinunue kitu cha kwenye meza ya barabarani. Tumekaa mezani tukaisoma lebo pamoja, mimi na miwani yangu.

Retinoli asilimia 0.1. Imefungwa ndani ya vifuko vidogo mno vya mafuta ili itoke polepole ndani ya ngozi badala ya kumwagika yote kwa mara moja. Haina manukato. Haina spiriti ile inayokausha. Imo skwaleni, imo gliserini, zimo seramidi. Tyubu ni ya alumini, mdomo mwembamba, haionyeshi ndani. Hilo ni la maana kuliko urembo wa boksi, kwa sababu retinoli inaharibiwa na mwanga na hewa. Krimu ya retinoli iliyowekwa kwenye kopo la kioo lenye mdomo mpana, linalofunguliwa kila siku dirishani, baada ya muda ni mafuta ya kawaida yenye bei kubwa.

Binti aliuliza kwa nini asilimia ndogo hivyo wakati zipo za asilimia 1. Nikamchorea kwenye bahasha. Retinoli ni vitamini A yenyewe. Seli ya ngozi ikiipokea huibadilisha kuwa retinali, kisha huibadilisha tena kuwa asidi ya retinoiki, na hiyo asidi ndiyo inayoingia kwenye kiini cha seli kuamrisha kazi: seli mpya zizaliwe kwa mpangilio, kolajeni itengenezwe, rangi isambazwe sawasawa. Dawa ya hospitali, tretinoini, ni asidi hiyo moja kwa moja, haipiti hatua yoyote, ndiyo maana ina nguvu na ndiyo maana inababua. Retinoli ina hatua mbili za kupita. Ipo pia aina nyingine, retinili palmitati, yenye hatua tatu, ya upole zaidi na ya polepole zaidi. Kila hatua inapunguza kasi, na kwa ngozi yangu kupungua kwa kasi ni faida.

Ulaya wamekwisha kuweka kanuni: bidhaa mpya za uso zitakazoingia sokoni kuanzia Novemba mwaka huu zisizidi asilimia 0.3 ya retinoli, na losheni za mwili asilimia 0.05. Hivyo hii 0.1 si maji ya kunawa. Ni dawa ya kweli kwa kipimo cha chini.

"Mama, umeisoma kama mtihani wa kidato cha nne," binti alisema. Nikamwambia uso ninao mmoja.

Jumamosi, 21 Juni

Usiku wa kwanza.

Ngozi imekwisha kutulia vya kutosha. Tangu juzi losheni haichomi tena, na daktari alisema hiyo ndiyo ruhusa. Krimu yenyewe niliijaribu kwanza nyuma ya sikio usiku kadhaa, hakukuwa na wekundu wala mwasho.

Naandika utaratibu wote kwa sababu nitaurudia. Nimenawa, nimejikausha kwa kugusagusa taulo bila kusugua. Nikasubiri ngozi ikauke kabisa, karibu nusu saa, kwa maana ngozi yenye maji hunyonya dawa zaidi. Mafuta mgando kwenye kope za chini, pembe za pua, pembe za mdomo. Sehemu hizo ngozi ni nyembamba na dawa hujikusanya humo. Losheni tabaka jepesi uso mzima. Kisha krimu, kiasi cha punje moja ya njegere kwa uso wote, nimeitia nukta kwenye paji, mashavu na kidevu ndipo nikaisambaza. Mwisho losheni tena juu yake. Dawa inakaa katikati ya losheni mbili. Kwa ngozi yenye mafuta mtu anaweza kuruka losheni ya kwanza. Kwa yangu, daktari alisema, tabaka hilo la chini lisikosekane hata nikiwa na usingizi.

Usiku mbili kwa wiki, Jumamosi na Jumatano. Siku nyingine ni losheni na mafuta tu.

Jumapili, 29 Juni

Hakuna kitu. Uso uko vilevile. Sikutegemea zaidi: seli huzaliwa chini na huchukua kama mwezi kufika juu, na ninachokiona kwenye kioo leo kilitengenezwa kabla sijafungua tyubu.

Jumapili, 6 Julai

Mabadiliko yameanza. Tangu Alhamisi pembeni mwa pua na kidevuni ngozi inatoa magamba madogo meupe, na mashavu yanavuta ninapofungua mdomo. Upepo wa wiki hii umekuwa wa kukata, mchana vumbi, usiku baridi ya kuamsha watu. Nimempigia daktari.

Maswali yake yalikuwa mafupi. Inachoma? Hapana, inavuta tu. Imevimba? Hapana. Losheni tupu ukiipaka inauma? Hapana. Kuna mahali pamekuwa peusi kuliko kawaida? Hapana. Basi, alisema, huko ni kubabuka kwa kawaida, ngozi inajifunza. Alinieleza mpaka ulipo: kubabuka kunatulia ukiongeza mafuta, kuungua hakutulii. Siku losheni tupu itakapochoma, dawa inawekwa kabatini hadi ngozi ipone, na hakuna aibu katika hilo.

Kwa ngozi nyeusi mpaka huo una uzito wa pekee. Ngozi nyeupe ikiungua inakuwa nyekundu, kisha inarudi. Yetu ikiungua inaacha kivuli. Seli za rangi zikishtuliwa na uvimbe humwaga rangi nyingi, na doa lililotokana na wiki moja ya mwasho linaweza kukaa miezi, hata mwaka. Mtu anatumia krimu kuondoa madoa, krimu inamwongezea madoa, anaongeza krimu. Nimeona wanawake wengi ninaowaheshimu wakizunguka katika duara hilo, na hakuna aliyewaambia kwamba mlango wa kutokea ni kupunguza.

Naendelea na usiku mbili, njegere ileile, mafuta zaidi. Mafuta ya parachichi ya shamba la kaka nimeyajaribu juu ya losheni: yanakaa vizuri, hayanuki, hayachomi.

Jumamosi, 12 Julai

Wifi amekuja kutoka Makambako. Alifungua mtandio ndani, si mlangoni, na nilipoona mashavu yake nilikaa chini.

Duka moja la vipodozi lilimuuzia krimu "ya retinoli, kali, inatoa kila kitu." Kopo halina orodha ya viambato, halina nchi ilikotoka, halina tarehe ya kuisha. Wiki ya kwanza alipendeza, ngozi ikang'aa, majirani wakasifu. Wiki ya tatu uso ukaanza kuwaka moto kila akitoka nje. Akiacha kupaka unawasha hadi halali, akipaka unatulia. Sasa ana mishipa myembamba inayoonekana juu ya mashavu na rangi mbili, mwanga na kiza, zilizokatana chini ya macho.

Siwezi kujua kwa macho kilichomo, lakini mwenendo huo, wa kupendeza haraka na kuwasha ukiacha, ni wa krimu zenye steroidi kali, na mara nyingi huchanganywa na haidrokwinoni au zebaki. Ni mkorogo uliovalishwa jina la retinoli. Haidrokwinoni na zebaki haziruhusiwi katika vipodozi nchini, na tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Hata hivyo kopo lile lilikuwa rafuni dukani, mahali panapoonekana.

Wifi alisema, "Wifi, nilitaka tu kuwa kama wewe, nilisikia utapaka dawa." Nikamshika mkono. Nilimwonyesha tyubu yangu, punje ya njegere, losheni ya chini na ya juu, na jinsi uso wangu wenyewe kwa sasa unavyobabuka na hauna mng'ao wowote. Nilimwambia asiongeze kitu kingine chochote isipokuwa mafuta mgando, na asiache ile krimu peke yake bila msaada wa daktari, kwa kuwa steroidi ikikatwa ghafla ngozi hulipuka. Jumatatu tutakwenda wote kwa daktari. Hana haja ya retinoli. Ana haja ya kutibiwa, na pengine ya kuambiwa kwamba rangi yake ya mwanzo ilikuwa nzuri. Hilo la pili nilimwambia mimi.

Jumapili, 20 Julai

Baada ya mambo ya wifi sikuweza kulala vizuri, nikawa nasoma kuhusu dawa hii ilikotoka. Naandika kwa sababu wanaoipaka wengi hawajui, na nadhani wanastahili kujua.

Tretinoini iliingia sokoni Marekani mwaka 1971 kama dawa ya chunusi. Mtu anayetajwa nayo ni Albert Kligman, daktari wa ngozi wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Mwaka 1986 yeye na wenzake walichapisha utafiti wa kuitumia kwenye ngozi iliyozeeshwa na jua, na kuanzia hapo dunia nzima ya vipodozi ikaanza kutafuta binamu zake wa upole, retinoli ikiwamo. Lakini Kligman huyohuyo, kuanzia mwaka 1951 hadi 1974, aliendesha majaribio ya ngozi katika gereza la Holmesburg, Philadelphia. Wafungwa walipakwa na kudungwa vitu vingi, kwa malipo madogo, wengi bila kuelezwa wanachofanyiwa. Sehemu kubwa yao walikuwa watu weusi. Mwaka 1998 Allen Hornblum alitoa kitabu kilichoyaweka hayo hadharani, Acres of Skin. Chuo cha tiba cha Pennsylvania kiliomba radhi mwaka 2021, jiji la Philadelphia mwaka 2022. Kligman alikuwa amekwisha kufa, 2010.

Na mwaka 1975 Kligman alichapisha pia mchanganyiko wa kupunguza rangi ya ngozi: haidrokwinoni, tretinoini na steroidi pamoja. Daktari anayejua kazi yake anautumia mchanganyiko wa jamii hiyo kwa muda mfupi, kwa ugonjwa maalumu, kwa uangalizi. Nikiyakumbuka mashavu ya wifi, naona namna vitu vilevile, vikitoka mikononi mwa daktari na kuingia kwenye ndoo ya mtu asiyejulikana, vinavyokuja kuishia kwenye uso wa mwanamke wa Makambako.

Nilifikiri kama niache. Sitaacha. Wengi wa waliopata maumivu ni watu wenye ngozi ya rangi yangu, na dawa hii si mali ya Kligman peke yake. Lakini kuanzia leo naipaka nikijua. Ninapoambiwa na yeyote kwamba ngozi ya Mwafrika ni ngumu, inavumilia, ipakwe tu, nakumbuka wale waliowahi kuifanyia kazi dhana hiyo ndani ya gereza.

Jumanne, 29 Julai

Kidato cha pili, somo la lishe. Mwanafunzi wa nyuma, mpole, alinyoosha mkono: "Mwalimu, kama vitamini A inalainisha ngozi, si tule karoti nyingi tu?"

Swali bora kuliko yote ya muhula huu. Nilimwambia karoti, mchicha na viazi lishe vina karotini, ambayo mwili huigeuza vitamini A kwa kadiri inavyohitaji, na kinachozidi kinaonekana kwa viganja kuwa vya njano tu. Maini yana retinoli yenyewe, na kuizidisha ni sumu, hasa kwa mjamzito. Nikawakumbusha matone ya vitamini A ambayo wadogo zao hupewa kliniki kila baada ya miezi sita, kuanzia umri wa miezi 6 hadi kabla ya miaka 5: ni kitu hichohicho, kinalinda macho na kinga ya mwili. Mtoto aliyekosa vitamini A ngozi yake hukauka na kukwaruza. Lakini mtu anayekula vizuri, akiongeza sahani ya maini hapati uso mpya, kwa kuwa mwili hugawa vitamini kwa vipaumbele vyake na mashavu hayako mbele katika foleni. Kwa hiyo anayetaka ifike usoni huipaka usoni.

Waliniuliza kama mimi napaka. Nikasema ndiyo, na daktari anajua. Wasichana wawili waliandika hilo kwenye daftari.

Magamba ya usoni mwangu yamekwisha. Sikumbuki yalikoma lini.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane, tuko Mbeya na wanafunzi wa klabu ya kilimo, uwanja wa John Mwakangale. Jua la nyanda za juu linadanganya kwa sababu ya ubaridi: mtu anavaa sweta na huku anaungua. Kila ukipanda meta 1,000 mionzi inayounguza huongezeka kwa karibu asilimia 10, na Njombe tuko karibu meta 2,000. Anayepaka retinoli usiku na kutoka uso mtupu mchana anabomoa kwa mkono mmoja anachojenga kwa mwingine, kwa sababu mikunjo na madoa yale mengi yaliletwa na jua hilohilo.

Nimepaka losheni ya kukinga jua, kiasi cha vidole viwili kwa uso na shingo, na nimeirudia saa sita. Ile yangu ina rangi ya udongo kidogo, ina oksidi ya chuma ndani. Daktari aliichagua kwa makusudi: kwa ngozi yetu hata mwanga wa kawaida unaoonekana huamsha madoa, na oksidi hiyo ndiyo inayouzuia. Juu yake kofia ya ukindu yenye ukingo mpana, ambayo haihitaji kupakwa upya.

Kwenye kundi letu kuna kijana mwenye ualbino. Yeye ana KiliSun, ile losheni inayotengenezwa kule KCMC Moshi kwa ajili ya watu wenye ualbino, na anaipaka bila kukumbushwa, shingo, masikio, nyuma ya mikono, kwa ustadi ambao sisi watu wazima hatuna. Kwangu mimi jua ni madoa. Kwake ni saratani. Nilisimama naye kivulini mchana wote wa paredi, na nikamwomba mwalimu mwenzangu safari ijayo tuombe maturubai kabla ya kuomba basi.

Jumapili, 24 Agosti

Wifi amepiga. Daktari alimpunguzia ile steroidi kwa hatua na kumpa dawa nyingine ya kutuliza; usiku analala sasa. Mishipa bado inaonekana, rangi zimeanza kukaribiana. Anapaka losheni na mafuta mgando na hataki kusikia krimu ya kopo. Kopo lenyewe tumelipeleka kwa afisa afya wa wilaya.

Mimi nimeongeza usiku wa tatu, Jumatatu. Ngozi imekubali.

Jumapili, 14 Septemba

Wiki kumi na mbili ndizo daktari alizosema nisubiri kabla ya kutoa hukumu, na zimetimia. Asubuhi nimeketi kwenye kiti dirishani, pazia wazi, bila poda.

Mikunjo ya kando ya macho ipo. Ni myembamba kidogo, asiyejua hataona. Madoa ya mashavu yamefifia pembeni, katikati bado. Lakini mguso umebadilika kabisa: kidole kinapita shavuni bila kukwaruza, losheni inaenea bila kukwama, na kipupwe chote hiki midomo na pembe za pua hazikupasuka, jambo ambalo sina kumbukumbu nalo tangu nihamie Njombe. Sehemu ya hayo ni ya retinoli. Sehemu kubwa, naamini, ni ya gliserini, mafuta mgando, maji vuguvugu na kofia, na daktari alipotazama kwa lenzi yake alisema hata yeye hawezi kutenganisha, wala haoni sababu ya kutenganisha.

Binti ameandika kutoka Dar anataka kuanza. Ana miaka 22, ngozi yake haina shida yoyote, na mwakani anaolewa. Nimemjibu: paka kinga ya jua kila asubuhi, nawa uso kwa sabuni laini, retinoli acha. Ukishamaliza kuzaa na kunyonyesha, na ukiona unaihitaji, njoo tuonane na daktari pamoja.

Tyubu imebaki kama theluthi. Nitanunua nyingine ya asilimia 0.1 ileile, kutoka duka lilelile lenye mfamasia. Usiku tatu kwa wiki, losheni chini, losheni juu, na sipandishi kipimo.